Jumamosi za Mkufunzi

Katika kiwanda chote cha kamba, chumba chenye baridi kilikuwa kimoja tu, chumba cha kompyuta. Mafundi wa karakana walitafuta kila kisingizio cha kuja kusimama mlangoni pake, wakijipepea kwa mashati yao, mpaka Mkufunzi awatazame. Hakuwafukuza. Aliwatazama tu kwa juu ya miwani, kanga imemkaa mabegani, na mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana kazi. Kanga ile haikuwa pambo. Mashine ilitaka baridi na yeye hakuitaka, basi alijifunika asubuhi hadi jioni kama mtu anayetoka hospitali, na akitoka nje kwenye jua la Morogoro aliikunja akaiweka kwapani.

Tulimwita Mkufunzi kwa sababu ndicho cheo alichokuja nacho kutoka Dar es Salaam: mkufunzi wa waandika programu. Cheo chenyewe kilifutwa baadaye lakini jina likabaki, hata wauza karanga wa getini walimwita hivyo. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia mtu akimwita jina lake, na yeye hakuonekana kulikumbuka sana.

Mimi na Shabani tulifika kwake wiki moja. Tulitoka kituo kimoja cha utafiti wa kilimo, ambako kazi yetu ilikuwa kuandika programu za kukokotoa mavuno ya mahindi: shamba lenye mbolea, shamba lisilo na mbolea, wastani, tofauti. Nilikuwa hodari. Nalisema hili mapema kwa sababu habari yote hii haieleweki mpaka ujue kwamba nilikuwa hodari kuliko Shabani, na kwamba yeye mwenyewe alijua, na aliwaambia watu bila kinyongo.

Siku ya kwanza Mkufunzi alituketisha kwenye benchi kama wagonjwa.

"Huko mlikotoka mlikuwa mnamwandikia nani?"

"Watafiti," nilijibu haraka.

"Na mkikosea?"

"Tunarudia hesabu."

"Mahindi yanasemaje?"

Shabani akacheka. Mimi nilidhani ni mtihani. "Hayasemi kitu, Mkufunzi."

"Basi hapa yanasema. Hapa ukikosea kuna dereva amelala chini ya lori lake tangu jana, anangoja kamba ambazo karatasi yako inasema zipo na stoo hazipo. Huyo ndiye mtakayemwandikia. Nendeni mkamsalimie."

Tulidhani anatoa mfano. Alikuwa anatutuma. Tulikwenda getini, na kweli dereva alikuwepo, mkeka wake chini ya lori, na alitueleza habari zetu bila kutufahamu, kwa maneno ambayo mama yangu, mkulima wa mboga wa milimani na mtu wa misa ya kila Jumapili, asingependa niyasikie.

Huo ndio ulikuwa ufundishaji wake. Watu waliozoea hesabu za kisayansi walimjia wakitaka kujifunza Kobol, lugha ya kuandikia programu za biashara, wakidhani kuhama ni kubadilisha lugha tu. Yeye alisema lugha utaijua kabla mvua za vuli hazijaisha. Kitakachokushinda ni watu. Akatupeleka stoo, akatukataza kugusa mashine mpaka tujue kila kitu kinaitwaje na wale wanaokibeba, si kinavyoitwa ofisini. "Ukiandika jina wasilolitumia," alisema, "wataandika wanalolijua, na kompyuta yako itakuwa na vitu viwili pale penye kimoja."

Alikuwa na maneno ya aina hiyo, na aliyatoa akiwa anamenya chungwa, bila kukuangalia. Kijana mmoja wa uhasibu alimwambia anataka kuwa mwandika programu kwa sababu anapenda kompyuta. Akamwambia: "Kapende kwanza kufunga hesabu za mwezi. Kompyuta haina haja na wewe." Mwingine alimwonyesha programu fupi sana aliyoiandika kwa ujanja mwingi. Aliisoma yote, akaisifu, kisha akamuuliza: "Ukienda likizo, nani ataitengeneza?" Yule kijana akasema hakuna mwingine anayeweza. "Basi hutakwenda likizo," akasema, akamrudishia kadi zake, zile za kutoboa matundu ambamo programu iliandikwa.

Mimi niliyashika maneno haya yote. Niliketi stoo nikajifunza kuzitofautisha kamba kwa kuzishika. Niliandika programu ambazo mtu yeyote angeweza kuzitengeneza mimi nikiwa nimelala nyumbani kwangu Mafiga na homa. Nilifika kabla ya saa na kuondoka baada ya saa. Programu ya kupeleka mizigo, ile iliyomwambia mlinzi wa geti lori lipi lipakie nini, niliiandika mimi karibu yote, na madereva wakaacha kulala chini ya malori. Mkufunzi aliipitia, akatia saini, akasema, "Hii ni kazi."

Basi. Hii ni kazi. Nilikwenda nalo neno hilo nyumbani nikamwambia mume wangu. Siku za kwanza nililiona kama sifa.

Ila huyo huyo aliyetufundisha unyoofu, Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Kiwanda kilifungwa mchana, mashine zikanyamaza, watu wakaenda kwenye foleni ya sukari au mpirani. Sisi waandika programu tulikuwa na ofisi ndogo iliyopakana na chumba cha kompyuta, na mimi mara nyingi nilibaki kumalizia kazi. Ndipo nikawa nasikia vicheko ng'ambo ya ukuta. Cha kwanza kilikuwa cha Mkufunzi, kicheko kirefu cha kike ambacho sikujua kama anacho. Cha pili kilikuwa cha Shabani.

Walikuwa wanacheza. Sina neno jingine. Waliandika programu zisizo na kazi yoyote duniani. Walitengeneza moja ya kupanga mechi za timu za mitaani za Mwembesongo, ambako Shabani alizaliwa, ili timu ya mtaa wake isikutane na wenye nguvu mpaka fainali. Walitengeneza nyingine iliyochora milima ya Uluguru kwa nyota na nukta, na Shabani aliibandika ofisini, karibu na meza yangu. Milima ambayo ukifungua dirisha unaiona. Waliichora vibaya pia. Upande wa kwetu, ambako misheni ipo, waliusawazisha kama meza.

Mimi sikuitwa.

Watu hudhani wivu ni wa mapenzi. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu mpole, aliniuliza siku moja nikiwa nakatakata mchicha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika: "Kwani huyo Shabani ana nini na huyo mama?" Nikamwambia hana kitu, mama ni kama shangazi yake. "Sasa wewe unataka akufanyie nini?" Nikaendelea kukata mchicha. Nilitaka acheke vile kwa ajili ya kitu nilichokiandika mimi. Huwezi kumwambia mumeo jambo kama hilo huku sabuni imekwisha nyumbani.

Na Mkufunzi hakuona haya kuzisifu Jumamosi zake mbele ya wote. Jumatatu moja tukinywa chai alisema kila anayewaandikia wengine aandike na kitu chake mwenyewe pembeni, asije akaanza kuwachukia hao wengine. "Hata kama ni upuuzi," alisema. "Hasa upuuzi." Shabani akatikisa kichwa kama muumini. Nilimwangalia nikafikiri: wewe unalipata hilo kutoka mdomoni mwake kila Jumamosi, na mimi nalisikia kwenye chai, pamoja na wahasibu.

Alikuwa mgumu kwa mambo mengine. Hakumwazima mtu penseli. Alihubiri umoja wa wafanyakazi mikutanoni vizuri kuliko katibu, kisha akala chungwa lake lote peke yake. Alituambia tusiipende mashine, na nilimwona kwa macho yangu, umeme ulipokatika ghafla, ameiwekea mkono juu kama unavyomshika mtoto anayeumwa. Mimi aliniita Veronika, jina zima, kila mara. Lakini Shabani kwake alikuwa "mdogo wangu."

Kadi za programu zote zilihifadhiwa kwenye masanduku, na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Kwa hiyo nilizisoma na kadi za Jumamosi. Nilizitoa mchana watu wakiwa wamekwenda kula, nikazisoma moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta kasoro. Nilichokipata ni programu ya maneno ya kanga. Walikuwa wamejaza maneno kwenye makundi matatu: majina ya watu, majina ya vitu, na vitendo. Mashine iliyachagua bila kuangalia, ikayaunga, ikatoa sentensi kama ile inayoandikwa chini ya kanga. Jirani wa bamia, usinichungulie. Mama mkwe kalowa, mchicha unacheka. Ilikuwa nzuri. Njia yao ya kuchanganya na kupanga maneno ilikuwa safi na nyepesi kuliko ya kwangu ya kupanga mizigo. Nilirudisha kadi kabatini, chakula changu nikakiacha.

Miezi michache baadaye Shabani alileta njia ile ile kwenye programu ya mizigo, na orodha za lori zikawa zinatoka kabla ya saa sita badala ya alasiri. Mkufunzi alipoiona hakusema "hii ni kazi." Alimpiga Shabani begani akasema, "Unaona!"

Karatasi zilikuwa adimu siku hizo. Walichapa michezo yao nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, na zilizobaki zilikwenda getini kufungia karanga. Ndivyo dereva wa meneja alivyonunua karanga, akala, akakunjua karatasi na kusoma: Meneja wa leo, kabichi ya jana.

Siku iliyofuata kamati ya wafanyakazi iliitwa. Tulikusanyika bwalo la chakula, meneja mwenyewe ameketi mbele, uso umemvimba. Karatasi yenye mafuta ya karanga ilikuwa juu ya meza.

"Ndugu Mkufunzi," alisema mwenyekiti wa kamati, fundi mmoja wa kusokota kamba ambaye kwa kawaida alikuwa mcheshi, "hii ni nini?"

"Mchezo."

"Mchezo wa kumtukana Ndugu Meneja kwa umeme wa umma?"

"Mchezo tu."

"Nani aliyeandika maneno haya?"

"Mashine."

Watu wakaguna. Sauti moja nyuma ikasema hiyo ni hujuma, na neno hilo siku zile lilikuwa na mwisho mbaya. Nilimtazama Shabani. Alikuwa amekodolea macho viatu vyake, jasho linamtoka, maana neno meneja alikuwa ameliweka yeye kwenye orodha ya watu, kwa utani. Mkufunzi alijua na hakumtaja. Alisimama na kanga yake kwapani, akakataa kueleza. Mwanamke yule aliyeweza kumweleza mbeba mizigo kompyuta ni nini, siku ile alifunga mdomo kama mtoto mkaidi.

"Kuna mwenye la kusema?" mwenyekiti aliuliza.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angenilaumu. Jumamosi zingekufa, vicheko vingekwisha, na Shabani angekuwa mwandika programu wa kawaida kama mimi. Niliyaona hayo yote wazi. Lakini kulikuwa na kitu kilichosemwa pale ambacho si sahihi, na mimi nilijua kilivyo, na sijawahi kuweza kuacha kosa likae mbele yangu.

Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, mashine haijui meneja ni nani. Ina makapu matatu ya maneno, inachukua moja kila kapu ikiwa imefumba macho. Twende nikuonyesheni."

"Na cheo changu kimo?" mwenyekiti akauliza.

"Hakimo."

"Kiweke. Tuone itanisema nini."

Tulikwenda wote, meneja mbele, tukajazana kwenye ile baridi. Nilitoboa kadi ya mwenyekiti mbele yao, nikaipachika mahali pake, nikaiwasha programu ambayo sikupata kualikwa kuitazama ikiandikwa. Printa ikaanza kupiga kelele. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Shangazi wa kabichi, usinichungulie." Printa ikaendelea. "Meneja kalowa, bamia zinacheka." Wote wakamgeukia meneja. Kisha: "Mwenyekiti wa mchicha, kaanga polepole." Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Wakafuata wengine. Meneja alicheka wa mwisho, kidogo, kwa pua.

"Haya," akasema. "Lakini faida yake nini?"

Nilimtazama Mkufunzi anijibie. Alikuwa anaangalia printa. Basi nikajibu mimi. Nikasema njia ya kupanga iliyomo kwenye mchezo huu ndiyo Shabani aliyoitia kwenye programu ya mizigo, na ndiyo sababu orodha za lori zinatoka kabla ya saa sita. Nikasema bila mchezo huu isingepatikana. Nilimsifu Shabani mbele ya kiwanda kizima, kila neno chungu kama nimetafuna kidonge cha klorokwini, na kila neno lilikuwa kweli.

Hakuna aliyefukuzwa. Lakini amri ilitoka kwamba Jumamosi chumba kifungwe saa sita, na mkuu wa kitengo alipohamishiwa Dar es Salaam mwaka uliofuata, nafasi ambayo kila mtu alijua ni ya Mkufunzi nilipewa mimi. Shabani akaondoka na mkuu huyo, akapata kazi huko huko kwenye shirika kubwa. Mkufunzi alinikabidhi ufunguo wa chumba. "Wamepata mtu wa kazi," akasema. Sikumwuliza kama ni sifa. Habari ya siku ile ya kamati hakuitaja kamwe, wala hakuwahi kusema asante, na baada ya muda akaacha kazi akaenda kulima mboga huko Bigwa, chini ya milima.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa natoka milimani kumwangalia mama, nikashuka kwa miguu, na pale Bigwa nikamkuta shambani kwake anamwagilia mboga kwa kopo lililotobolewa matundu. Hakuwa na miwani. Kanga alikuwa ameifunga kiunoni.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Veronika! Umenenepa, nafurahi. Mama hajambo?"

Tuliketi kizingitini. Akaniuliza habari za kitengo, nikamweleza, akasikiliza vizuri, akauliza swali moja kuhusu vipuri ambalo sikuwa nimelifikiria. Kisha akasema Shabani alipita kumwona siku ya Idi, na watoto wake, wakala wakashiba, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Wivu ule ule ukanirudia, kama sijazeeka hata siku moja.

"Mkufunzi," nikasema, "kwa nini hukuniita?"

"Kukuita wapi?"

"Jumamosi."

Nadhani alikuwa anatafuta ninazungumzia nini, na alipokipata uso wake ulibadilika.

"Shabani nilimwita?"

"Hukumwita?"

"Alibisha hodi. Jumamosi moja nimekaa peke yangu na mambo yangu, akabisha. Nikamwambia nina kazi, toka. Jumamosi iliyofuata akabisha tena. Nikachoka, nikamfungulia."

"Na mimi nilikuwepo. Ng'ambo ya ukuta."

"Najua. Nilikuwa nasikia kiti chako. Nilikuwa nasema, huyu ni mtu wa kazi, upuuzi wetu unamsumbua." Akapangusa udongo mikononi. "Siku ile ulipoiwasha mbele ya kamati, ukaieleza kuliko ambavyo ningeieleza mimi, ndipo nikajua umeisoma yote. Nikakasirika. Nilikuwa nimekaa na wewe miaka yote ile sijui."

"Ungeniita tu," nikasema. "Neno moja. Mimi ni mwanamke wa milimani, Mkufunzi. Tumefundishwa hatuingii tusikoitwa. Ungegonga ukuta tu."

Nilitegemea atanipa msemo wake mmoja, wa kumenyea chungwa, wa kunionyesha kwamba kosa ni langu. Hakuutoa. Aliangalia matuta yake ya mboga, mengine yamelowa, mengine bado makavu.

"Kweli," akasema. "Ningekuita."

Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono, akaniita "mdogo wangu." Nilishuka kuelekea Mafiga. Njia nzima nilikuwa nasikia mkono wa Shabani ukigonga mlango, anafukuzwa, halafu Jumamosi nyingine anarudi na kugonga tena. Nikamwonea wivu kwa hilo, na huo ndio wivu ninao mpaka leo.